Bodrum: mji wa Uturuki ambao sisi watu wa Laleli hatuujui (na gogo la mpingo nililolikuta huko)

Mpwa wa Mchongaji:

Wakuu, heshima kwenu.

Wenzangu wa Kariakoo tunaofuata nguo Istanbul mtanielewa haraka. Uturuki yetu sisi ni mitaa mitatu: Laleli, Merter, na Osmanbey siku ukiwa na mtaji wa kutosha. Unatua, unazunguka madukani mpaka miguu inavimba, unafunga marobota, unageuza. Mimi nimeenda mara tisa na bahari yao nilikuwa naiona kupitia dirisha la ndege tu.

Safari ya mwisho mzigo ukakwama. Mtu wa kusafirisha (simtaji, bado tunadaiana) akaniambia marobota yangu yatapimwa wiki ijayo. Siku tano za kukaa Laleli bila kazi, hela inaliwa na hoteli. Kijana anayeniuzia mashati akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia pwani, kusini. Akacheka: "Basi unafanya nini hapa? Nenda Bodrum."

Nikapanda basi la saa mbili usiku. Safari ni kama saa kumi na mbili, kusini-magharibi mpaka ncha ya nchi. Konda kavaa tai. Anapita na chupa, unakinga viganja, anakumiminia marashi ya limau yanayochoma kama spiriti, unajipaka mikono na shingo. Baadaye anarudi na chai na biskuti. Nikawakumbuka makonda wa Mbagala, nikacheka peke yangu gizani.

Asubuhi barabara inashuka mlimani, mji wote unaonekana mara moja. Nyumba nyeupe, fupi, ghorofa mbili basi, maana sheria ya huko hairuhusu kujenga juu zaidi ya hapo. Kila ukuta una bogenvilia. Katikati ghuba mbili zimekaa kama matundu ya pua, na baina yake, juu ya mwamba ulioingia baharini, ngome. Ng'ambo unaona kisiwa cha Kos, na kile ni Ugiriki tayari.

Mwenye nyumba ya wageni akanipokea kwa "Merhaba!" Mtu mzima, mvi kichwani. Nikasita. Mimi sijatoa shikamoo, yeye keshaniitikia marahaba! Kumbe ndiyo salamu yao. Na sijamaliza kushangaa nikaanza kuokota maneno: sabuni ni sabun, saa ni saat, dakika ni dakika vilevile, duka ni dükkân, hesabu ya chakula ni hesap, karafuu ni karanfil. Vyote hivyo wao na sisi tulipitia mlango mmoja, Kiarabu (na Kiajemi kidogo).

Sasa historia yake, maana mji huu si wa kuogelea tu.

Zamani uliitwa Halicarnassus, mji wa Wagiriki katika nchi ya Wakaria, chini ya dola ya Uajemi. Hapo ndipo alipozaliwa Herodotus, karibu mwaka 484 KK, yule anayeitwa baba wa historia. Malkia wa mji wakati huo alikuwa Artemisia, mwanamke aliyeongoza merikebu zake mwenyewe katika vita vya Salamis mwaka 480 KK, upande wa Waajemi. Herodotus anasimulia kwamba mfalme Xerxes, akitazama vita kutoka ufukweni, alisema wanaume wake wamegeuka wanawake na wanawake wamegeuka wanaume. Waajemi walipigwa siku ile, lakini sifa ya mama ikabaki.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye akaja mtawala aitwaye Mausolus. Aliuhamishia mji mkuu hapo kutoka Milas, akajenga kuta, bandari, na ukumbi wa maonyesho kwenye mteremko, ambao bado upo na majira ya joto watu wanakaa juu ya mawe yaleyale kusikiliza muziki. Alikufa mwaka 353 KK. Mkewe, ambaye pia alikuwa dada yake (ndiyo ilivyokuwa kwao, msinipige mawe), naye aliitwa Artemisia, si yule wa vita. Wanasimulia kwamba alichanganya majivu ya mumewe na kinywaji akayanywa. Akasimamia ujenzi wa kaburi lenye urefu wa mita 45 hivi, nguzo 36, piramidi juu ya nguzo, na juu kabisa gari la farasi wanne. Likahesabiwa katika maajabu saba ya dunia ya kale. Jina la Mausolus ndilo lililozaa neno "mausoleum". Kwa hiyo Wakenya wakitaja Kenyatta Mausoleum pale Nairobi, wanamtaja bwana huyu bila kujua.

Kaburi lenyewe? Shimo. Nakwambieni ukweli ili usije ukalia: unalipa, unaingia, unakuta shimo, ngazi, vipande vya nguzo vimelala kwenye nyasi, na paka. Matetemeko ya ardhi yaliliangusha, halafu wakaja watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane kutoka kisiwa cha Rhodes, ambao walianza kujenga ngome yao mwanzoni mwa karne ya 15 na kulifanya kaburi kuwa machimbo ya mawe. Ukipita kwenye kuta za ngome ukaona jiwe la kijani limekaa kama halijui limefikaje, ndilo hilo. Sanamu nyingine zilizobaki Mwingereza Charles Newton alikuja kuzichimbua miaka ya 1850, akazipakia, ziko London. Mji wenyewe ukabakiwa na shimo.

Ngome waliipa jina la Mtakatifu Petro, Petronium kwa Kilatini, na wengi wanasema hapo ndipo Waturuki walipopata Bodrum. Kila taifa la watawa wale lilijenga mnara wake: wa Waingereza, wa Wafaransa, wa Wajerumani, wa Waitalia, wa Wahispania. Sultani Suleiman alipoitwaa Rhodes mwishoni mwa 1522, ngome hii nayo ikaachiwa mwanzoni mwa 1523 bila vita. Kanisa likageuzwa msikiti. Baadaye ngome ikawa jela. Vita ya kwanza ya dunia meli ya kivita ya Ufaransa ikaipiga mizinga, mnara wa msikiti ukaanguka. Uliopo sasa umejengwa upya.

Leo ngome ni makumbusho ya vitu vya chini ya bahari, na hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Bodrum mpaka miaka ya 1950 ulikuwa mji wa maskini. Samaki, machungwa madogo ya mandarini, na sponji. Wanaume walizama kutafuta sponji ya kuogea. Hawa ni wazamiaji kwa maana ya kamusi, si wale wa kujificha kwenye meli kwenda Afrika Kusini. Wengine walirudi wamepooza kwa presha ya kina kirefu, wengine hawakurudi. Mwishoni mwa miaka hiyo akatokea mwandishi Mmarekani, Peter Throckmorton, akawa anakaa nao, anakunywa nao, anawasikiliza. Kapteni mmoja, Kemal Aras, akamwambia kuna mahali pana vyuma vimeganda chini ya bahari. Mwaka 1960 Mmarekani mwingine, George Bass, akaenda Rasi ya Gelidonya na kuzama yeye mwenyewe na timu yake. Ikawa mara ya kwanza meli ya kale kuchimbuliwa yote chini ya bahari kwa utaratibu wa kisayansi. Vitu vikaletwa Bodrum, ngome ikapata kazi mpya.

Mwaka 1982 mpiga mbizi wa sponji, Mehmet Çakır, akatoa habari ya kuona "biskuti za chuma zenye masikio" chini ya bahari mahali paitwapo Uluburun, mashariki zaidi, karibu na mji wa Kaş. Zile biskuti zilikuwa mapande ya shaba, kila moja karibu uzito wa nusu mfuko wa saruji, limetandazwa kama ngozi ya ng'ombe. Uchimbaji ulianza 1984 ukaisha 1994. Kina ni mita 44 mpaka 61. Mtu anakaa chini dakika 20, mara mbili kwa siku, basi. Walizama zaidi ya mara 22,000.

Meli ile ilizama karibu mwaka 1300 KK. Ilibeba tani 10 za shaba ya Cyprus, tani moja ya bati, mitungi ya utomvu wa kufukiza, vioo vya buluu, dhahabu, mhuri wenye jina la Nefertiti malkia wa Misri, meno ya kiboko, pembe ya ndovu, maganda ya mayai ya mbuni.

Na magogo meusi.

Nilikuwa natembea ovyo, nimechoka, nimeshaona mitungi mpaka basi. Nikafika kwenye kioo, ndani vipande vya gogo jeusi, vifupi. Kibao kimeandikwa "abanoz". Nikasimama. Mimi nimekulia Nangurukuru, Kilwa, na baba yangu mdogo anachonga vinyago Mwenge tangu sijazaliwa. Mpingo naujua. Naujua ukidondoshwa sakafuni unavyolia kama chuma, naujua ukitupwa majini unavyozama kama jiwe. Nikabandika pua kwenye kioo mpaka mlinzi akakohoa.

Usiku nikatafuta kwenye simu. Wataalamu waliupima mti ule kwa hadubini: Dalbergia melanoxylon. Hilo ndilo jina la kitaalamu la mpingo. Mpingo wenyewe. Miaka 3,300 kabla ya mchongaji yeyote wa Mwenge, mpingo uko melini unakwenda kwa wafalme.

Nimeandika sana, naomba nipumzike. Maswali karibuni.

---

Kijana wa Tandale:

Nimevuta kiti. Mkuu, uzi bila picha?

---

Mpwa wa Mchongaji:

Za ngome zipo, nitapandisha intaneti ikikaa sawa. Ya gogo ni moja tu na ina kivuli changu kwenye kioo. Na kidole.

---

Bwana Hesabu:

Historia nimeipenda ila turudi duniani. Mtu akitaka kwenda bila kufilisika anafanyaje? Na mwezi gani?

---

Mpwa wa Mchongaji:

Mkuu, bei nikikuandikia leo kesho ni uongo, lira inapanda na kushuka kama lifti ya Kariakoo. Ila mambo ya kujua ni haya.

Julai na Agosti kimbia. Jua kali, kila kitanda kimejaa. Wakazi wa kudumu wa wilaya nzima ni karibu laki mbili, lakini majira hayo watu wanapita milioni, na maji ya bomba yanasumbua kama kwetu. Mei, Juni mwanzoni, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mtu mwenye akili. Januari ni mvua na paka.

Kuna uwanja wa ndege, Milas-Bodrum, kama kilomita 36 kutoka mjini. Basi la usiku ni nafuu, tena unaokoa hela ya kulala. Ndani ya rasi unapanda dolmuş, yaani daladala yao. Nauli unamgusa bega abiria wa mbele, inapita mikono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi njia ileile bila kupungua! Ukitaka kushuka unasema "inecek var". Mimi mara ya kwanza nilipayuka "shusha!" na dereva akasimama. Nadhani aliogopa.

Usilale pale bandarini penye mashua za matajiri, panda juu kidogo, mitaa ya ndani, kuna nyumba za familia. Gümbet ni jirani, vijana wa Kiingereza na kelele. Njiani kuelekea huko kuna vinu vya upepo vya zamani juu ya kilima, havisagi tena, lakini kutoka pale unaona ghuba ya Bodrum kushoto na ya Gümbet kulia. Nenda jioni. Kwa ufukwe wa mchanga nenda Bitez au Ortakent; mjini kwenyewe mchanga ni haba, nawe umetoka pwani yenye mchanga kama unga, utawadharau.

---

Mwalimu wa Zamu:

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri lakini sentensi ya mwisho imenikaba. "Mpingo wenyewe" sawa, ila watu wataondoka hapa wakidhani Waswahili wa Kilwa walikuwa wanauza magogo kwa Nefertiti. Mpingo hauoti Kilwa na Nachingwea peke yake. Unaota Senegal mpaka Eritrea, Sudan, Ethiopia, ukashuka mpaka kusini mwa Afrika. Wamisri walikuwa wanaupata kutoka kusini mwao, Nubia na nchi waliyoiita Punt. Mzigo ule kwa vyovyote ulipitia Misri.

Na jambo la pili, umemtaja Herodotus ukampita mbio. Huyo ndiye aliyeandika habari ya Wafoinike waliotumwa na farao Neko waizunguke Afrika kwa merikebu. Waliondokea Bahari ya Shamu, wakashuka kusini, kila msimu wa kupanda wanatia nanga, wanalima, wanavuna, wanaendelea, na mwaka wa tatu wakatokea Misri kwa upande wa pili. Kama ni kweli, walipita mbele ya Mombasa, Pangani, Kilwa. Walisema kule kusini, wakielekea magharibi, jua lilikuwa upande wao wa kulia. Herodotus akaandika kwamba yeye haliamini hilo.

---

Mpwa wa Mchongaji:

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kosa la kwanza, sentensi ilinitoka kwa furaha. Gogo lile linaweza kuwa la Sudan kabisa. Ila mti ni mmoja, na hata jina lina ukoo mmoja: Wamisri waliuita kitu kama "hebeni", ndipo Wagiriki na Waarabu wakachukua, Waturuki wanasema abanoz, na wazee wetu walisema abunusi. Mpingo wenyewe tukauita jina letu.

Hilo la jua sikulijua. Lakini mtu yeyote wa Kilwa atakuambia mwezi wa sita adhuhuri kivuli chako kinaanguka kusini, maana jua liko kaskazini. Ukitazama magharibi, jua liko kulia. Herodotus alikataa kitu ambacho mtoto wa Nangurukuru anakiona akicheza uani!

---

Mwalimu wa Zamu:

Marahaba. Ndiyo maana wengi wanaona habari ile ina ukweli. Mwongo asingebuni jambo ambalo kwao kaskazini lilikuwa kichekesho.

---

Mvita Halisi:

Assalaam aleikum jamii. Mimi wa Mombasa. Kaka umezungumzia Bodrum ukaacha Turgutreis, mji mdogo mwisho wa rasi hiyo hiyo? Umepewa jina la Turgut Reis, nahodha aliyezaliwa upande huo, Wazungu walimwita Dragut, alitikisa bahari yote ya kati mpaka akafa katika kuizingira Malta mwaka 1565.

Nalisema hili kwa sababu manahodha wa dola hiyo hiyo walifika na kwetu. Miaka ya 1580 alikuja Mir Ali Bey, akashuka pwani toka Mogadishu, Lamu mpaka Mombasa, miji ikampokea kwa kuwachoka Wareno. Mara ya pili, 1589, akajenga ngome hapa kisiwani. Wareno wakaja na merikebu kutoka Goa, na bara ng'ambo ya kivuko wamekaa Wazimba, kundi la wapiganaji lililotoka kusini. Akabanwa pande mbili. Wakamkamata, akaishia Lisbon. Baada ya hapo ndipo Wareno wakajenga Fort Jesus, 1593. Kwa hivyo ile ngome yetu watalii wanayopiga picha, sababu yake moja ni Mturuki.

---

Kijana wa Tandale:

Huu uzi sasa unahitaji daftari.

---

Msema Kweli 77:

Samahani wakuu, mimi nilichosikia Bodrum ni mji wa baa, ulevi na watu kukaa uchi. Mnatuletea magogo ili tusione?

---

Mpwa wa Mchongaji:

Hujasikia vibaya. Kuna mtaa mzima wa baa, unaitwa hivyohivyo, na muziki unapiga mpaka alfajiri. Adhana inasikika juu ya muziki na muziki juu ya adhana, kila mmoja anaendelea na yake. Mimi si mtu wa baa, saa nne nimelala, kwa hiyo ushahidi wangu ni wa dirishani.

Lakini ukiniuliza nani aliufanya mji huu uwe ulivyo, nitakutajia mfungwa. Mwaka 1925 serikali mpya ya Uturuki ilimhukumu mwandishi Cevat Şakir miaka mitatu ya uhamishoni Bodrum, kwa sababu ya makala kuhusu askari watoro walionyongwa bila kesi. Wakati huo kupelekwa Bodrum ilikuwa adhabu, barabara hakuna, homa ipo. Jamaa akaipenda adhabu yake! Nusu ya kifungo akamalizia Istanbul, kisha akarudi mwenyewe, akaishi hapo mpaka 1947. Akajiita Mvuvi wa Halicarnassus. Aliagiza mbegu na miche kutoka nje, akapanda miti, na mwenye nyumba yangu alinionyesha mtende mmoja akadai ni wake (kila mtende mjini wanadai ni wake). Akawa anawachukua rafiki zake waandishi kwenye mashua za sponji, siku kadhaa baharini, mkate, jibini, maji na pombe yao, hakuna gazeti wala redio. Wakaita Safari ya Buluu. Leo hiyo ndiyo biashara kuu: watu wanakodi gulet, mashua ya mbao yenye milingoti miwili, wiki nzima ghuba kwa ghuba.

Nilikwenda kuziona zikitengenezwa. Fundi ana tezo. Tezo kabisa, kama ya Mafia, na harufu ni ya msonobari badala ya mninga. Mbavu wanaziinua kwanza ndipo mbao, na mianya wanaiziba kwa nyuzi za pamba, kama kalafati yetu. Nikataka kumwambia nimelelewa kwenye sauti hii, Kituruki kikaniishia kwenye "merhaba".

Na mwimbaji wao mkubwa, Zeki Müren, aliyekuwa akivaa nguo za kumetameta jukwaani na taifa zima likampenda, alimalizia maisha Bodrum. Alifariki 1996 akiwa kwenye jukwaa la televisheni huko İzmir. Nyumba yake ni makumbusho sasa, na nguo zimo. Mimi kama mfanyabiashara wa nguo nilikagua mishono, kazi safi.

---

Binti wa İzmir:

Kaka Mpwa wa Mchongaji, hongera. Mimi nasoma İzmir mwaka wa tatu, Bodrum nimeenda mara nyingi, ni kama saa tatu na nusu kwa basi. Naomba niongeze mawili matatu.

Chakula umekiacha! Kula çökertme: viazi vimekatwa vyembamba kama njiti za kiberiti, vimekaangwa vikavu, juu mtindi wenye kitunguu saumu, juu nyama laini. Na maua ya maboga yaliyojazwa wali, wanayachuma alfajiri kabla hayajafunga. Nilimtumia mama picha, akaniuliza "wanakula maua, majani wanafanyia nini?"

Pili, watu wa pale wengi mizizi yao ni Krete. Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki walibadilishana watu: Wakristo wa huku wakapelekwa Ugiriki, Waislamu wa huko wakaletwa huku. Bibi aliyenipangisha chumba Bodrum, mama yake alikuwa anaongea Kigiriki nyumbani, Kituruki alijifunzia sokoni.

Na ndani ya Waislamu hao wa Krete walikuwemo Waafrika. Hapa pwani ya Aegean wapo Waturuki weusi, mababu zao waliletwa utumwani zama za dola ya Osmani. Marehemu Mustafa Olpak wa Ayvalık, kaskazini ya hapa, alifuatilia ukoo wake akagundua babu na bibi zake walichukuliwa Kenya, wakauzwa Krete, wakaletwa Ayvalık na ile badilishana ya watu. Alianzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika. Nilipoanza masomo, mzee mmoja mweusi kuliko mimi aliniuliza njia kwa Kituruki kitupu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwa mazoea. Akanitazama, akatabasamu, akarudia swali lake kwa Kituruki.

La mwisho si la utalii. Ile bahari kati ya Bodrum na Kos, kilomita chache tu mahali pembamba, ndiyo waliyokuwa wakivuka wakimbizi wa Syria kwa mipira ya kupuliza mwaka 2015. Ile picha ya mtoto aliyelala kifudifudi ufukweni iliyozunguka dunia ilipigwa rasi hiyo hiyo. Mimi nikienda kuogelea upande ule huwa natoka majini mapema.

---

Mpwa wa Mchongaji:

Dada, asante. Hilo la mwisho nililijua nikaogopa kuliandika. Feri ya Kos niliiona asubuhi, watu wanapanda na mifuko ya ununuzi, wanarudi jioni.

---

Bwana Hesabu:

Mkuu, swali la mwisho. Marobota yalifika?

---

Mpwa wa Mchongaji:

Yalifika, moja limelowa. Mashati ya bluu yamekuwa na ramani.

---

Mvita Halisi:

Na yule baba mdogo wa Mwenge, ulimuonesha picha ya gogo?

---

Mpwa wa Mchongaji:

Nilimpelekea siku ya pili baada ya kurudi. Alikuwa anapiga msasa kinyago cha ujamaa, vumbi jeusi mpaka kwenye kope. Akafuta mikono kwenye kaptula, akachukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Akatazama muda mrefu. Nikamweleza meli, Misri, Nefertiti, wapiga mbizi, miaka 3,300.

Mnajua kilio cha wachongaji ni mpingo mbichi. Unanunua gogo, unachonga mwezi mzima, unampa mteja, linapasuka mezani kwake Ulaya.

Akanirudishia simu. "Miaka elfu tatu," akasema. "Basi huo umekauka vizuri. Wanauza?"